Kadisi wa Mito ya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuwatambua

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi, mlinzi wa chanzo cha maji na yeyote anayependa kugeuza mawe mtoni aone kuna nini chini yake. Mifano tunayotoa ni ya vijito vya huku kwetu: Usambara, Uluguru, Mlima Kenya, Rwenzori na kwingineko. Tunachukulia kwamba una lenzi ya kukuza mara 10, sinia nyeupe na kibano. Kwa vifaa hivyo utafika kwenye familia, na mara nyingine kwenye jenasi. Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine kabisa, na sehemu kubwa ya majibu haya inaeleza kwa nini.

Kadisi ni mdudu wa aina gani hasa?

Ni mdudu wa oda ya Trichoptera. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani zinapita 16,000, na ndugu zake wa karibu kabisa ni nondo na vipepeo. Buu wake huishi majini kwa wiki nyingi au miezi. Hutoa hariri kupitia tundu lililo chini ya mdomo, na matumizi ya hariri hiyo hutegemea familia: wengine hujenga kijumba wanachotembea nacho, wengine hutega wavu kwenye mkondo, wengine huitumia kama kamba ya kujishikiza wasisombwe. Akikomaa hujifungia na kuwa pupa humo humo majini, kisha hupanda juu na kuruka. Mdudu mzima haishi sana. Kazi yake kubwa ni kupandana na kutaga.

Kuna mdudu wa kahawia anakuja kwenye taa ya barazani kila jioni. Ni nondo au kadisi?

Mwache kwanza atulie ukutani. Kadisi akitua, mabawa yake huegemeana juu ya mgongo kama paa la nyumba, na vipapasio huelekea mbele vikiwa pamoja. Nondo wengi hurudisha vipapasio nyuma. Lakini wapo nondo wadogo wanaokunja mabawa vivyo hivyo, kwa hiyo usiishie hapo. Gusa bawa kwa ncha ya kidole: unga mwingi ukibaki kidoleni, huyo ni nondo, maana bawa lake limefunikwa na magamba. Bawa la kadisi limeota nywele.

Ushahidi mzuri zaidi uko mdomoni. Nondo wengi wana mrija wa kufyonzea uliojiviringa chini ya kichwa. Kadisi hana. Utaona jozi mbili za palpi, yaani viungo vyembamba vyenye pingili, zikining'inia na kutikisika kila mdudu anapotembea. Ukiziona hizo pamoja na bawa lenye nywele, usiwe na shaka tena.

Yale mawingu ya wadudu juu ya Ziwa Victoria ni kadisi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Wingu linaloonekana kwa mbali utadhani moshi ni la inzi wa ziwa, yaani Chironomidae na Chaoborus, ambao wana jozi moja tu ya mabawa. Kadisi ana jozi mbili.

Kadisi wa ziwani wapo pia, na taa iliyowashwa karibu na maji huwavuta. Kazi ya zamani inayostahili kutajwa ni ya Corbet na Tjønneland, waliochapisha mwaka 1955 matokeo kuhusu saa za kuruka za spishi 12 za kadisi wa Afrika Mashariki. Wengi huruka giza linapoingia. Anayewasha taa saa tatu usiku ili akamate kadisi mara nyingi anakuwa amechelewa.

Nimekuta mdudu ndani ya kijumba mtoni. Basi ni kadisi?

Inawezekana sana, lakini mtoe kwanza. Msukume taratibu kutoka upande wa nyuma wa kijumba kwa kijiti butu, atatokea mbele bila kukatika. Kisha tazama mkia wake. Buu wa kadisi ana jozi moja tu ya vijiguu vya nyuma, kila kimoja na kulabu yake, na ndiyo inayomshikilia ndani ya kijumba usipomtoa kwa ustaarabu.

Viwavi wa nondo wa majini, wa familia ya Crambidae, nao hukata majani wakajifichia. Hao wana jozi kadhaa za vijiguu tumboni, na chini ya kila kijiguu kuna vikulabu vidogo vidogo vingi. Na ukivunja mrija mlaini wa tope ukatoka kijidudu chembamba kisicho na miguu yenye viungo, huyo ni wa Chironomidae. Kadisi ana miguu sita yenye viungo kifuani.

Je, kijumba chenyewe hakitoshi kunipa jina?

Hapana, ingawa ndicho kitu ambacho kila mtu hukitazama kwanza, na ndicho picha nyingi mtandaoni huonyesha. Buu hujenga kwa kilichopo. Msanii wa Ufaransa Hubert Duprat tangu miaka ya 1980 amekuwa akiwapa mabuu wa kadisi vipande vya dhahabu, lulu na vito, nao hujenga navyo vizuri tu. Mtoni ni hivyo hivyo: rangi na ukubwa wa changarawe vinafuata kijito, si spishi. Umri nao unabadilisha mambo. Mabuu wengi wa Lepidostoma huanza maisha ndani ya mrija wa mchanga, kisha wakikua hugeukia vipande vya majani, na kwa muda unaweza kumkuta mmoja ambaye nusu ya kijumba chake ni mchanga na nusu ni majani. Wapo pia wanaohamia kijumba kitupu cha mwingine.

Wataalamu nao wamewahi kudanganywa na kijumba. Mwaka 1834 Isaac Lea wa Marekani, mtaalamu wa konokono na chaza, alieleza konokono mpya aliyemwita Valvata arenifera, mwenye gamba la mchanga lililojiviringa. Baadaye ilijulikana kwamba lile ni kijumba cha kadisi wa jenasi ya Helicopsyche. Familia yake, Helicopsychidae, ipo Afrika pia, kwa hiyo ukikuta "konokono" wa mchanga asiyezidi nusu sentimita, mchungulie ndani kabla ya kumtupa.

Kinachosaidia zaidi ni umbo na mpangilio kuliko malighafi. Vipande vya majani vilivyokatwa sawasawa na kupangwa hadi kijumba kikawa na pembe nne: fikiria Lepidostomatidae. Kijumba cha majani ambacho ukikitazama kwa mdomoni kina pembe tatu: fikiria Pisulia, wa familia ya Pisuliidae, ambayo duniani kote inapatikana Afrika na Madagaska tu. Vipande viwili vikubwa vya jani vilivyogandishwa, cha juu kikizidi cha chini: Anisocentropus wa familia ya Calamoceratidae. Mrija mwembamba uliopinda kidogo na kuchongoka nyuma: mara nyingi Leptoceridae. Baada ya hapo mtoe mdudu uhakikishe kwa mwili wake.

Nianzie wapi kwenye mwili wa buu?

Anzia mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa. Kifua cha buu kina pingili tatu, kila moja na jozi yake ya miguu. Pingili ya kwanza siku zote imefunikwa na bamba gumu la kahawia au jeusi. Swali ni la pingili ya pili na ya tatu: zina bamba gumu, zina vipande tu, au ni nyama laini tupu? Jibu hilo peke yake linapunguza uwezekano kuliko kitu kingine chochote utakachokipima.

Kausha maji ya juu kwa karatasi, mgeuze mdudu mwanga umpige kwa ubavu, na umsukume kwa kibano pingili zitanuke. Bamba gumu hung'aa na lina mpaka wazi. Ngozi laini ni nyeupe au kijivu na hujikunja. Wanaokosea hapa wengi wanatazama mdudu aliyelowa, ambaye kila sehemu yake inang'aa.

Buu wangu ana mabamba matatu, pingili zote. Ni nani?

Kwenye mto wenye mawe na maji ya kasi, karibu kila mara ni Hydropsychidae. Mgeuze chali. Utaona matamvua, vijinyuzi vyeupe vilivyochanua kama matawi, chini ya tumbo, na mwisho wa kila kijiguu cha nyuma kishungi cha nywele nyeusi. Hana kijumba cha kutembea nacho. Anaishi kwenye kificho cha kokoto na takataka kilichounganishwa na wavu, naye hula kilichonaswa. Ukimweka hai kwenye sinia hukunja mwili na kujirusharusha kwa ghadhabu. Ni mgomvi, na wakati mwingine hung'ata. Baadhi yao hutoa hata mlio, kwa kusugua paja la mguu wa mbele kwenye mistari iliyo chini ya kichwa, kufukuza jirani anayetaka wavu wao.

Mabamba matatu lakini tumbo halina matamvua? Basi ni mmoja kati ya wawili. Akiwa mwembamba, wa milimita kadhaa, asiye na kijumba, ni Ecnomidae. Akiwa mdogo mno na tumbo limevimba kuliko kifua, ndani ya kijifuko bapa cha hariri, ni Hydroptilidae. Hawa wa mwisho wana jambo la kushangaza: hatua nne za mwanzo za ubuu wao huishi uchi, hawajengi kitu. Kijifuko huja katika hatua ya tano tu. Ndiyo maana unaweza kuwa na mabuu wawili wa spishi moja wasiofanana hata kidogo.

Hydropsychidae wangu hawafanani vichwa. Je, ni spishi tofauti?

Huenda, na swali hili si la kitaaluma tu. Katika SASS, mfumo wa Afrika Kusini wa kupima afya ya mto kwa wadudu wake, ambao mfumo wa Tanzania, TARISS, umejengwa juu yake, sampuli yenye aina moja ya Hydropsychidae hupata alama 4, yenye aina mbili hupata 6, na yenye zaidi ya mbili hupata 12. Ukichanganya aina tatu ukaziita moja, umeushusha mto wako hadhi bila kosa lake.

Sababu ya mpangilio huo ni kwamba baadhi ya spishi za Hydropsychidae huvumilia maji yenye uchafu na hata hushamiri humo, lakini mto wenye aina nyingi kwa pamoja kwa kawaida ni mto wenye afya.

Kwa kazi hiyo huhitaji majina, unahitaji kutenganisha tu. Tazama umbo la kichwa, rangi, na madoa ya njano kwenye bamba la uso. Macrostemum ndiye rahisi kuliko wote: sehemu ya juu ya kichwa ni bapa na imezungushiwa ukingo mkali, hafanani na mwingine. Cheumatopsyche na Hydropsyche ndio wanaosumbua. Walaze chali, uvute kichwa nyuma, utafute nyuma ya bamba la chini la pingili ya kwanza: Hydropsyche ana vibamba viwili vikubwa vinavyoonekana wazi, Cheumatopsyche navyo anavyo ila ni vidogo mno, kiasi kwamba kwa lenzi ya mara 10 wengi huona havipo. Hapo tafuta hadubini.

Tahadhari: mdudu aliyebambua ngozi karibuni ana rangi hafifu. Usimhesabu kuwa aina mpya kwa sababu ya weupe.

Na akiwa na bamba moja tu?

Kama hana kijumba, kuna familia chache za kuchagua. Philopotamidae ndiyo ya kujua kwanza. Kichwa ni cha rangi ya chungwa, mwili mweupe, na mdomo wa juu ni laini, mweupe, umepanuka mbele kwa umbo la herufi T. Huutumia kufagia chembe ndogo zilizonaswa kwenye mfuko wake wa hariri chini ya jiwe. Matundu ya mfuko huo ni madogo ajabu. Chimarra ndiye jenasi utakayekutana naye zaidi. Mtazame angali hai au mara tu baada ya kumtia kwenye spiriti, maana rangi ya chungwa hufifia na ule mdomo hurudi ndani ukajificha.

Polycentropodidae na Psychomyiidae nao wana bamba moja, lakini mdomo wao wa juu ni mgumu na wa kawaida. Dipseudopsidae utampata kwingine kabisa, kwenye tope na mchanga laini wa maziwa na mito mipole, ambako hujichimbia; miguu yake imekuwa bapa kwa kazi hiyo.

Wenye vijumba nao nitawatofautishaje bila kutegemea vijumba?

Mtazame kipapasio. Kwa mabuu wengi wa kadisi kipapasio ni kijinundu ambacho huwezi kukiona bila kukuza sana. Leptoceridae ndio wa pekee kwa hili, kipapasio chao ni kirefu, urefu wake ukizidi upana mara sita au zaidi, na kinaonekana kwa lenzi ya mkononi. Miguu yao ya nyuma pia ni mirefu sana kuliko ya mbele. Mmoja wao, Triaenodes, huitumia miguu hiyo kuogelea akiwa na kijumba chake, nacho ni cha vipande vya majani vilivyopangwa kwa kuzunguka.

Lepidostomatidae kipapasio chake ni kifupi na kimekaa karibu kabisa na jicho. Halafu tazama pingili ya kwanza ya tumbo: mabuu wengi wenye vijumba wana vinundu vitatu hapo, kimoja mgongoni na viwili ubavuni, vya kuwaweka katikati ili maji yapite pande zote. Lepidostomatidae hana cha mgongoni. Ukiona kimekosekana, na kipapasio kiko jirani na jicho, umeshamjua hata kama kijumba kilivunjika njiani.

Calamoceratidae hutambulika kwa mstari wa nywele nene, 16 hivi au zaidi, uliokatiza mdomo wa juu. Hiyo inataka hadubini.

Mdudu mzima mwenye mabawa nimtazame wapi?

Anza na vijicho vitatu vidogo kati ya macho makubwa. Kuwepo au kutokuwepo kwake hugawa familia: Philopotamidae anavyo, Hydropsychidae na Leptoceridae hawana. Usichanganye vijicho na vinundu vyenye nywele vilivyo jirani. Kijicho kinang'aa na hakina nywele.

Halafu hesabu miiba mikubwa ya miguuni, ile inayochezacheza ukiigusa. Wataalamu huandika tarakimu tatu, za mguu wa mbele, wa kati na wa nyuma. Hydropsychidae wengi ni 2-4-4. Chimarra ni 1-4-4. Leptoceridae wengi hawazidi 2 kwenye mguu wa kati wala wa nyuma. Kuhesabu huku kunachosha, miiba hukatika, na inabidi kutazama miguu ya pande zote mbili, lakini ni alama isiyobadilika kwa rangi wala umri.

Vipapasio vyembamba vinavyofika mara mbili hadi tatu ya urefu wa mwili vinaelekeza kwa Leptoceridae. Mdudu wa milimita 2 hadi 5 mwenye mabawa yaliyochongoka na nywele ndefu pembeni ni Hydroptilidae. Polymorphanisus, jenasi ya Hydropsychidae, hukufanya udhani si kadisi kabisa: akiwa hai ni wa kijani kilichofifia, karibu na weupe, na baadhi yao wana madoa meusi mgongoni. Dume la Dipseudopsis nalo lina alama yake. Mwiba mmoja mwishoni mwa mguu wa nyuma umegeuka umbo, umepinda au kupasuka, na umbo hilo hutofautiana spishi kwa spishi. Kwa lenzi ya mkononi, hapo ndipo unapokaribia spishi kuliko kwenye kadisi wengine wa huku.

Kwa nini kila kitabu kinataka dume?

Kwa sababu spishi za kadisi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mabawa ya spishi kumi za Cheumatopsyche ukiyapanga mezani yanaweza kuwa ya kahawia yote, yasiyokupa chochote. Mwisho wa tumbo la dume ndiko kwenye tofauti: vishikio vya pembeni, urefu wa pingili zake, ncha ya uume, vijiti na vijino. Maelezo ya kisayansi ya spishi mpya huchora sehemu hiyo kutoka ubavuni, juu na chini. Majike ya spishi nyingi hayajawahi kuelezwa hata mara moja, na mabuu ndio kabisa.

Kuona vizuri kunataka kusafisha. Mwisho wa tumbo hukatwa na kulowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke yabaki magamba magumu. Wengine hutumia asidi ya laktiki, ambayo ni pole zaidi kwa kiungo na kwa mfanyakazi. Kisha huoshwa, huwekwa kwenye gliserini na kutazamwa kwa hadubini. Hii ni kazi ya maabara yenye miwani na glavu. Usiijaribu jikoni.

Ninao mabuu tu. Hakuna njia ya kujua spishi?

Ipo, na ni nzuri. Tafuta pupa. Buu anapogeuka pupa ngozi yake ya mwisho hubaki ndani ya kijumba, na mabamba ya kichwa na kifua hukaa pale pale alipojilaza pupa. Pupa dume aliyekomaa, ambaye mabawa yake yameshaiva kuwa meusi, viungo vyake vya uzazi vimeshakamilika chini ya ngozi nyembamba. Kwa hiyo kijumba kimoja kinakupa vitu viwili: mabaki ya buu na alama za dume, tena kwa uhakika kwamba ni mdudu mmoja. Wakusanyaji wengi huviacha vijumba vilivyofungwa wakidhani vimekufa. Ndivyo vya kuchukua kwanza, na usivifungue mtoni. Kila kimoja kiende kwenye kichupa chake.

Njia nyingine ni kuwafuga kwenye maji yanayopulizwa hewa mpaka waruke. Kwa wale wa maji ya kasi hufa wengi.

Nina ufunguo wa kutambulisha (maswali ya kufuata hatua kwa hatua hadi kwenye jina) wa Uingereza. Naweza kuutumia huku?

Kwa kujifunza viungo vya mwili, ndiyo. Kwa majina, hapana. Vitabu vya Ulaya na Amerika Kaskazini vimejaa Limnephilidae, familia kubwa ya nchi za baridi ambayo usitegemee kuikuta kwenye vijito vyetu, na havina Pisuliidae kabisa. Ufunguo hauna njia ya kukuambia "huyu hayumo". Utakupeleka kwenye jina lililo karibu, nawe utaliamini. Miongozo ya wadudu wa maji baridi ya kusini mwa Afrika inafaa zaidi, angalau kwa familia na jenasi.

Msomaji aliyeko Ulaya ana nafuu kidogo. Glyphotaelius pellucidus, kwa mfano, ncha ya bawa lake imemong'onyoka ukingoni na hutambulika kwa picha. Lakini hata huko nafuu ina mipaka: Mystacides azurea na Mystacides nigra wote wana mabawa meusi yenye mng'ao wa buluu, na kuwatenganisha ni kurudi kule kule kwenye viungo vya uzazi.

Nikipiga picha tu nikaiweka mtandaoni?

Piga, ila piga zaidi ya moja. Kwa buu tunataka mgongo wa kifua, ubavu wa kichwa, tumbo chali, na kijumba pembeni yake. Kwa mdudu mzima tunataka ubavu, uso kwa mbele, na mwisho wa tumbo. Picha ya kijumba kwenye kiganja, hata ikiwa kali namna gani, huishia kwenye "Trichoptera". Mtu akikupa jina la spishi la kadisi wa Afrika Mashariki kwa picha ya bawa peke yake, muulize amelijuaje. Mwisho wa haki kwa rekodi nyingi ni familia, na hakuna aibu ndani yake.

Si tupime vinasaba tu yaishe?

Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 hivi hutumika sana, na kwa kuunganisha buu na mdudu mzima kimesaidia mno. Tatizo ni kwamba kipimo hulinganisha na kilichomo kwenye hazina ya marejeo. Kama hakuna aliyewahi kuweka spishi hiyo humo kutoka kwa dume lililotambuliwa kwa macho, utapata namba bila jina. Maabara na hadubini vinafanya kazi pamoja.

Nihifadhi vipi?

Ethanoli ya asilimia 80 kwa kazi ya kawaida, 95 na zaidi kama kuna mpango wa vinasaba. Usiwachome pini wala kuwakausha. Nywele hutoka na tumbo husinyaa. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwa sababu maji ya miili ya wadudu huizimua. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa: nchi, mto, mahali, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji, na kama ni kwenye jiwe, majani au taa. Lebo ya kalamu ya wino iliyobandikwa nje itafutika siku kichupa kitakapovuja.

Nahitaji kibali?

Kutazama na kumrudisha mdudu majini hakuna shida mahali panaporuhusiwa kuingia. Kukusanya kwa utafiti ni jambo jingine: Tanzania kibali cha utafiti kinapitia COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST, na hifadhi za taifa na misitu zina ruhusa zake za ziada. Kutuma vielelezo nje ya nchi kunataka nyaraka zake. Wanaohitaji kulinganisha na mikusanyo wanaweza kuuliza Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, au Albany Museum huko Makhanda, Afrika Kusini, yenye mkusanyo mkubwa wa wadudu wa maji baridi.

Kuna hatari gani mtoni?

Kichocho, kwenye maji mapole yenye konokono na watu wengi. Vaa buti ndefu za mpira. Kwenye mito ya chini, mamba na kiboko, hasa kwa anayewasha taa usiku ukingoni. Kwenye vijito vya mlimani hatari kubwa ni jiwe lenye utelezi na mvua iliyonyesha juu usikokuona.

Nimeokota kijumba cha mchanga ufukweni Bagamoyo. Kadisi wa baharini?

Kadisi wa baharini wapo, ila ni wa Australia na New Zealand, ambako Philanisus plebeius hutaga mayai yake ndani ya kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Mrija wa mchanga wa ufukwe wetu, uliopangwa chembe moja moja kwa ustadi, karibu kwa hakika ni wa mnyoo wa baharini. Kama mwenyewe yumo bado, hesabu miguu.